Kengele Isiyoguswa

Mwalimu Otilia Xicale alikuwa na ugonjwa mmoja ambao watu wa San Pedro Atlicoya walishauzoea: hakuamini kitu mpaka akione kinatembea kwenye skrini ya kompyuta. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza umejuaje. Ukimwambia fulani anampenda fulani, atakutazama kama umemletea hesabu iliyokosewa. Padri alimtania siku moja kwamba hata ufufuo wa wafu atataka kwanza auone kwenye kompyuta. Akajibu kwamba ndiyo, tena uanze kwa hatua ndogo ndogo.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa katika nyumba ya wapiga kengele, watu wanaofanya kazi kwa mabega na masikio. Kule Atlicoya mpiga kengele hasimami chini akavuta kamba. Hupanda mnarani, akaisukuma kengele yenyewe kwa mikono mpaka ibembee, na siku ya sikukuu huipindua kichwa chini miguu juu, mzunguko mzima, huku akiinama kuikwepa. Baba yao, mzee Macedonio, alichelewa kuinama mara moja tu. Kiwiko chake cha kulia kilisagika, na tangu siku ile akawa anakula kwa mkono wa kushoto na kumfundisha kazi mwanawe Fidencio kwa kumpigia kelele. Otilia ndiye aliyekuwa akimfunga baba yake vifungo vya shati kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mtoto anayeanza siku yake namna hiyo hawezi kuisikia kengele kama wenzake wanavyoisikia.

Alisoma fizikia Puebla mjini, akarudi kufundisha sekondari ya juu pale pale nyumbani. Kompyuta za shule zilikuwa makuukuu, zikiwashwa zinanguruma kama kinu cha kusaga mahindi, lakini yeye alizipenda kuliko watu wengi aliowajua. Kila mwaka alianza na Jua na Dunia. Unaipa Dunia mahali pa kuanzia na mwendo wake, kisha unaiuliza kompyuta: baada ya muda kidogo, Jua limeivuta kiasi gani? Isogeze. Piga hesabu upya. Isogeze tena. Wanafunzi, kwa uvivu wao, waliweka hatua ya mwezi mzima ili wamalize upesi wakacheze mpira, na Dunia yao ikaanza kuacha njia, ikalikimbia Jua, ikatokomea gizani.

"Haya, mmetuua wote," Otilia aliwaambia. "Bibi zenu, mbwa zenu, mahindi yenu, vyote vimeganda. Kisa? Hatua kubwa."

Baada ya Dunia zilifuata chupa mbili. Alifunga uzi mmoja kati ya nondo za dirisha, akaning'iniza humo chupa mbili za maji zinazolingana, akaisukuma moja na kuiacha nyingine. Ile aliyoisukuma iliyumba, kisha ikaanza kuchoka, na ile ya pili, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kuamka kidogo kidogo mpaka ikachukua mwendo wote na ya kwanza ikasimama tuli. Kisha mwendo ukarudi ulikotoka. Halafu aliwapeleka wanafunzi kwenye kompyuta wakaunde kitu kile kile kwa namba, wakaona nukta mbili zikipokezana.

Fidencio alimkuta siku moja akizitazama chupa zake, alipomletea tortila, mikate yao ya mahindi, za mchana.

"Dada, huu si uchawi huu?"

"Uchawi gani? Ni uzi. Huyu anautikisa uzi, uzi unamtikisa mwenzake."

"Na huyu hajaguswa na mtu?"

"Hajaguswa."

Fidencio akacheka. "Kama mimi na wewe. Unakasirika wewe, anayevunja sahani mimi."

Alikuwa mdogo wake kwa miaka sita, mnene kidogo, mwenye sauti ya juu na moyo mwepesi. Otilia hakuolewa wala hakuzaa. Mtu wake duniani alikuwa huyo.

Tetemeko la ardhi lilipokuja, liliuacha mnara wa kanisa umesimama lakini una ufa, kuanzia chini ya kengele hadi kimo cha mlango, ufa wa kuingiza ngumi. Injinia alikuja kutoka serikalini, akazungushia utepe wa manjano, akapiga picha, akaahidi kurudi. Utepe ulikatika kwa jua na mvua na injinia hakurudi. Kengele mbili za mnarani, Petra na Malaika, pacha waliomiminwa katika kalibu moja enzi za babu wa babu zao, zikakaa kimya sikukuu moja, zikakaa kimya ya pili. Ya tatu ilipokaribia, watu walichoka. Walisema mtakatifu amewasusa. Walisema mahindi yamedumaa kwa sababu yao. Fidencio naye, ambaye bila kengele alikuwa fundi matofali tu kama wengine, akaanza kwenda kusimama chini ya mnara jioni, mikono mfukoni, akiangalia juu.

Mkewe, Nieves, alimfuata Otilia shuleni.

"Wifi, mkataze. Mimi hanisikii."

"Nikimkataza ataniuliza nimejuaje."

"Basi jua!" Nieves alisema, machozi yakimlenga. "Si ndiyo kazi yako, kujua? Nina watoto wawili wa kike, wifi. Sitaki mwanamume wa kuvalishwa shati kama baba yenu. Na mnara ukimwangukia, sitapata hata huyo wa kuvalishwa."

Ndivyo Otilia alivyoanza kuujenga mnara wa Atlicoya ndani ya kompyuta. Alipanda ngazi za mawe siku ya kazi, peke yake, roho mkononi, akapima kuta, ufa, boriti na kengele. Petra na Malaika walining'inia sambamba, wamepishana kwa nafasi ya kumtosha mtu kusimama katikati, midomo yao ikiwa kimo cha shingo. Petra alikuwa huru, kamba yake imeshaoza na kudondoka. Malaika alikuwa amefungwa kwenye boriti kwa kamba nene ya katani, kama inavyofungwa siku zote kengele isiyo na kazi ili upepo usiichezee. Otilia alimgonga kwa ngumi. Hakutikisika. Basi kwenye kompyuta, pale asipopigwa, akamfanya sehemu ya mnara, uzito tu, jiwe kati ya mawe.

Sasa, lipo jambo ambalo lazima nilieleze hapa, ingawa kule halielezwi kwa sababu hata watoto wachanga wanalijua. Mtakatifu wa Atlicoya ni Petro wa Minyororo, yule aliyefunguliwa gerezani na malaika, na siku yake, tarehe mosi Agosti, hakuna kinachobaki kimefungwa mjini. Mbwa hufunguliwa alfajiri na kutwa nzima wanang'atana barabarani. Punda hufunguliwa, bata mzinga hufunguliwa, wasichana hufumua nywele, na wazee hulegeza mikanda ya suruali na kudai ni kwa ajili ya ibada. Otilia, asiyeamini chochote, naye alifumua nywele zake kila mwaka, kwa sababu mama yake alimfumua hivyo.

Alifanya kazi ile kila alasiri, wanafunzi wakishaondoka. Hatua zake zilikuwa ndogo mno, hata kompyuta ilihitaji alasiri nzima kupitisha dakika chache za mnara kuyumba. Hakutaka uvivu. Alipopindua kengele mbili kwa pamoja, ufa wa kwenye skrini ulifunguka na mnara ukaenda. Alipopindua Petra peke yake, ufa ulikua taratibu, kama maradhi. Lakini Petra alipobembezwa tu, bila kupinduliwa, Malaika akiwa ametulia, mnara ulitikisika kidogo na kutulia. Akarudia kwa hatua ndogo zaidi, akarudia kwa ufa mpana zaidi. Mnara ulisimama. Otilia akashusha pumzi, akainamisha kichwa juu ya meza, akalia kidogo kwa furaha.

Mkutano wa sikukuu ulifanyika uani kwa mzee Celerino, mgema wa pulke, pombe ya mkonge, ambaye mwaka ule ndiye aliyekuwa msimamizi wa sherehe.

"Yaani mwalimu," mzee Celerino alisema, "mtakatifu wetu kanyamazishwa miaka miwili, na sasa tukaiombe ruhusa kompyuta?"

"Msiiombe kompyuta, mzee wangu. Uombeni ule ufa."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Celerino akavuta masharubu.

"Kwa hiyo tupige kengele moja, tena tuibembeze kama kichanga. Majirani zetu wa San Bartolo watatucheka mpaka wajikojolee."

"Wacheke. Anayechekwa yuko hai."

"Aaa, mwacheni dada yangu," Fidencio akadakia kutoka nyuma. "Tangu utoto ndivyo alivyo. Mimi nitabembeza, bora kengele ilie. Hata kuibembeza nimeitamani."

"Na jambo jingine," Otilia akamgeukia. "Usimsukume kwa mikono. Funga kamba kwenye mti wake wa juu, usimame mbali, uvute. Sitaki umkaribie Petra hata kidogo. Umenisikia, Fide?"

"Nimekusikia, bosi."

Nieves alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mdogo mgongoni. Hakucheka tangu mkutano uanze. "Wifi," akauliza mbele ya watu wote, "hapo ni salama?"

Na Otilia, ambaye hakuwahi maishani kumwambia mtu neno asilolipigia hesabu, akasema, "Hapo ni salama."

Tarehe mosi Agosti kulipambazuka safi, mlima wa Malinche umesimama bila wingu. Otilia alifumua nywele zake mbele ya kioo, akamfungua mbwa, akaenda uani mwa kanisa kusaidia kukoroga mole, mchuzi mzito wa pilipili, kwenye vyungu vikubwa. Fidencio alipita amevaa shati jeupe, akachovya kidole kwenye sosi, akapigwa mwiko.

"Kamba umepata?" Otilia akamuuliza.

"Ipo huko huko juu. Nzuri, nene."

"Na usimame mbali."

"Mbali kabisa. Nitasimama San Bartolo, nivute kutoka huko." Akaenda zake akicheka, akapanda.

Hakumuuliza kamba gani. Mnarani kulikuwa na kamba moja tu, naye aliiona kwa macho yake na kuigonga kengele iliyofungwa nayo.

Petra alilia. Baada ya kimya cha miaka miwili, sauti ile iliwatoa watu machozi bila ridhaa yao. Wanawake waliacha miiko ndani ya vyungu. Wanaume walivua kofia. Otilia peke yake hakulia. Alisimama katikati ya uwanja akiukazia macho ufa, na ufa haukusogea. Vumbi halikudondoka. Ilikuwa kama kwenye skrini, sawasawa kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake avunjike kiwiko aliisikiliza kengele na kuiona nzuri.

Petra akaendelea, ndaa, ndaa, kisha Otilia akasikia mlio wake umepungua. Akadhani mdogo wake amechoka. Akasikia mapigo yakifufuka kidogo, mtu anayevuta kwa nguvu zaidi, kisha yakafifia tena. Halafu, katikati ya mapigo mawili ya Petra, ikalia sauti nyingine, nyembamba, moja tu.

"Malaika!" mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Malaika analia mwenyewe! Hajaguswa!"

Uwanja mzima ulilipuka. Watu walipiga magoti. Mzee Celerino akanyoosha mikono juu, akabubujikwa na machozi, akaamuru fataki zote ziwashwe mara moja, na zikawashwa.

Otilia alikwisha kuanza kukimbia. Alijua pale pale, kabla mlio haujaisha, kwa sababu alikuwa ameliona jambo lile kila mwaka kati ya nondo za dirisha lake. Pacha wawili wa uzito mmoja, mnara mmoja unaotikisika kidogo, kidogo tu, kiasi kisichouangusha. Mmoja anachoka, mwingine anaamka. Na mtu aliyeambiwa asimkaribie Petra, Petra akizidi kuwa mzito anarudi nyuma ili avute kwa mgongo, na nyuma yake yupo nani? Alipiga kelele, "Fide, inama! Fide, toka hapo!" lakini fataki zilikuwa zikipasuka juu ya kichwa chake na hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Alipanda zile ngazi kwa mikono na miguu. Alipofika juu, Petra alikuwa karibu kusimama. Malaika alikuwa akibembea kwa upana, bila haraka, bila mtu. Fidencio alikuwa amelala kifudifudi kati yao, kisogo kimebonyea, shati jeupe si jeupe tena, na mkononi ameshika bado kamba nene ya katani, ile ile iliyokuwa imemfunga Malaika. Ilikuwa siku ya Petro wa Minyororo. Mtu wa Atlicoya angewezaje kuiacha kengele ya malaika imefungwa siku ile? Aliifungua kwa heshima, na kamba ikamfaa kwa kazi aliyotumwa na dada yake.

Otilia alimlalia mdogo wake ili Malaika asimpitie tena, ingawa hakukuwa na haja. Kule chini watu walikuwa wakiimba.

Mnara haukuanguka. Umesimama mpaka leo, na hesabu zake hazikukosea hata chembe. Watu waliposhuka na maiti, walisema kwamba malaika amekuja kumfungua Fidencio kama alivyomfungua Petro, na wapo wanaosema hivyo hata sasa, na kuwasha mishumaa. Otilia alitaka kuwapigia kelele kwamba hakuna malaika, ni mnara tu, mnara ulikuwa ndio uzi. Hakuwapigia. Pale kaburini Nieves alimwambia neno moja tu, bila kumtazama: "Ulisema salama." Kisha hakuzungumza naye miezi yote ya mvua iliyobaki.

Otilia alirudi shuleni. Kwenye programu yake, kumfungua Malaika kulihitaji kubadilisha mstari mmoja tu. Aliubadilisha, akaiwasha kompyuta, akaona. Akapunguza hatua. Alitamani liwe kosa la wanafunzi wake wavivu, lile la Dunia kutokomea, ili aweze kusema kwamba kompyuta ilidanganya. Akazipunguza hatua mpaka mashine ikatambaa, na kila mara nukta ya Petra ilichoka na nukta ya Malaika ikaamka. Mwaka mpya wa shule ulipoanza, mvua bado zikinyesha, aliwafundisha wanafunzi Jua na Dunia. Chupa hakuzitundika. Mmoja alipomuuliza mbona kaka yake aliziona naye hazioni, alimwambia nondo zimeoza.

Nieves alikuja mvua zilipokwisha, alasiri, darasa likiwa tupu. Alikuwa amekonda. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta bila kuombwa.

"Nionyeshe."

Otilia alimwonyesha. Mnara wa mistari, nukta mbili. Alimweleza huyu ni nani na yule ni nani. Petra akabembea. Nieves alitazama bila kupepesa macho mpaka Malaika alipoamka, mpaka Petra aliposimama.

"Hapo," Nieves akasema.

"Hapo."

"Na wewe hukuliona hili kabla?"

"Nilimweka amefungwa, wifi. Nilimkuta amefungwa."

"Kila mtu anajua siku ile vyote vinafunguliwa. Hata binti yangu mdogo anajua."

"Najua. Nilifumua nywele zangu asubuhi ile. Nilimfungua na mbwa."

Nieves hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alikaa, mikono mapajani, akiwatazama pacha wawili wakipokezana.

"Unaweza kumfunga tena?" akauliza. "Hapo ndani."

"Naweza, lakini haitabadilisha..."

"Mfunge."

Otilia akarudisha ule mstari mmoja kama ulivyokuwa. Petra akaanza kubembea. Malaika akatulia, jiwe kati ya mawe, na kati yao palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu kusimama. Petra akaenda, akarudi. Mnara ukatikisika kidogo, ukatulia. Walikaa wakitazama mpaka mlinzi alipokuja na funguo, na Otilia akanyoosha mkono kuizima kompyuta.

"Usizime," Nieves akasema.

Akamwomba mlinzi afunge mlango wa nje tu. Waliondoka wakaiacha inanguruma peke yake darasani, Malaika amefungwa.